Hujengwa Ili Ivunjwe

Django ni mfumo wa kujengea tovuti ulioanzia kwenye gazeti la Lawrence Journal-World, huko Kansas, Marekani, ukatolewa kwa umma mwaka 2005. Mtengeneza programu hutoa amri moja tu ya majaribio, nao hujenga hifadhidata mpya, huipima programu humo, kisha huibomoa. Penye hifadhidata iitwayo duka huzuka nyingine, test_duka, na rekodi za wateja haziguswi.

Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ndogo. Kumbe kila injini, yaani programu inayoendesha hifadhidata kama SQLite, PostgreSQL, MySQL au Oracle, ina maana yake ya neno hilo, hifadhidata.

Kwa SQLite ni faili moja tu, bila seva wala nywila. Wakati wa majaribio Django hata faili hiyo haiandiki. Majedwali yote hujengwa kwenye RAM, na majaribio yakiisha hakuna cha kufagia. PostgreSQL ina mlango na bawabu: huwezi kuunda hifadhidata kabla hujaingia katika nyingine. Basi Django hubisha hodi kwenye ile iitwayo postgres, ndipo hutoa agizo la kuunda. Akaunti isiyo na ruhusa ya kuunda hurudishwa hapo hapo.

Oracle ndiyo yenye makuu. Kinachoitwa hifadhidata kwingine, huko ni mtumiaji pamoja na majedwali yake. Kwa hiyo Django hutenga kwanza maeneo mawili ya kuhifadhia, la majedwali na la kazi za muda, yenye faili za kuanzia megabaiti 50 na ukomo wa 500 usipobadilisha mipangilio. Kisha huunda mtumiaji mpya, humpa nywila na ruhusa. Mpangaji ameshapewa kiwanja, chumba na ufunguo, na hajaleta hata mkeka!

Toleo la 1.9, la Desemba 2015, liliruhusu majaribio kwenda sambamba, kila mchakato na nakala yake. PostgreSQL hutumia hifadhidata ya kwanza kama kiolezo. Kwa MySQL, yaliyomo humwagwa kwa zana iitwayo mysqldump na kupakiwa upya. Django haina njia ya kunakili ya Oracle, kwa hiyo majaribio yake hupanga foleni.

Kwa wepesi wake, SQLite huwashawishi wengi kujaribia humo programu itakayoishi kwenye injini nyingine. Ni akiba ya bei mbaya. Safu ya namba ya SQLite, kwa kawaida, hupokea neno "arobaini" bila kunung'unika, na safu ya herufi 10 humeza 50. PostgreSQL hukataa yote mawili.

Oracle nayo huona maandishi matupu ni sawa na kukosekana kwa thamani. Hapo Django imelazimika kuinama: huacha safu ya maandishi ikose thamani hata kama mtengeneza programu amekataza, na wakati wa kusoma hurudisha maandishi matupu.