Sifa za Beki wa Kati

Pamba ya Mwanza ilipotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1990, sifa zilitangulia kwa wafungaji. Ndivyo mpira ulivyo. Bao lina dakika yake na mwenyewe. Hatari iliyozimwa mapema haina pa kuandikwa. Kazi hiyo isiyoandikwa, kazi ya beki wa kati, ndiyo ninayotaka kuisifu, na nitaanza na George Masatu.

Masatu aliichezea Pamba, kisha akahamia Simba. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Mchezo wa kwanza, ugenini Abidjan dhidi ya Stella, uliisha 0-0. Marudiano Dar es Salaam, Simba ikalala 2-0, na mpaka leo fainali ile ikitajwa watu husimulia machungu ya siku hiyo ya pili. Abidjan haisimuliwi. Lakini kumaliza dakika 90 za fainali ya Afrika, kwenye uwanja wa mwenyeji, bila nyavu kutikisika, ni ushindi wa mabeki, na Masatu alikuwa nguzo ya ukuta ule.

Beki hodari huanza kukaba kabla mpira haujafika. Husimama kati ya mshambuliaji na goli, mwili ameugeuza nusu, tayari kutoka mbele au kurudi nyuma. Akijitupa kwa pupa, anapitwa. Akisita, mshambuliaji amekwisha piga. Winga humsukumia pembeni, upande wa mguu wake dhaifu. Wenzake huwapanga kwa sauti: panda, shuka, mshike huyo! Mtego wa kuotea unataka watu wanne wapige hatua moja kwa pamoja. Mmoja akichelewa, kipa ameachwa peke yake. Kujirusha chini ni silaha ya mwisho. Beki anayetoka uwanjani kila wiki amejaa vumbi, mara nyingi alichelewa kuwaza.

Hata Brazil, inayosifika kwa chenga, hufunza kazi hii. Mwaka 2009, kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 nchini Nigeria, kikosi chao kilikuwa na Neymar, lakini nahodha alikuwa beki, Gerson Fraga Vieira. Neymar akajulikana dunia nzima. Fraga alipita India, na mwaka 2019 akatua Msimbazi, kwa Simba. Simba ikamsogeza mbele ya mabeki, akawa kiungo mkabaji, na timu ikatwaa ubingwa msimu huo. Aliyezoea kuona hatari mapema anahama nafasi bila kupoteza kazi yake.

Mwaka 2024 Pamba, sasa Pamba Jiji, ilirudi ligi kuu baada ya miaka zaidi ya ishirini. Ukienda uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza, uache mpira kwa dakika kumi umtazame namba tano, beki wa kati: anasimama wapi, anageuka lini, anamwita nani. Nanyi mnaofundisha watoto kwenye viwanja vya kando ya ziwa, msimrudishe nyuma yule aliyeshindwa kufunga. Mpeni nafasi hiyo mtoto anayeona mapema kuliko wenzake, kisha mchezo ukiisha 0-0, mtajeni kwa jina mbele ya wote.