Mpaka wa 1863: Uhalali wa Akiolojia ya Wakati wa Karibuni katika Bukoba na Muleba

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, hulitambua jengo kuwa la kale moja kwa moja iwapo lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baadaye hulindwa pale tu linapotangazwa rasmi na Waziri. Mpaka huo una matokeo ya ajabu mjini Bukoba. Kituo cha Wajerumani kilichozaa mji huo kilianzishwa na Emin Pasha mwishoni mwa 1890. Hivyo basi, hakuna nyumba ya mji huo, iwe Miembeni au ufukweni mwa ziwa, inayofaulu kipimo cha umri. Machoni pa sheria, mji mzima bado ni mchanga.

Wanaotetea mpaka wa namna hiyo hutoa hoja inayoonekana kuwa ya busara: mambo ambayo watu wangali wanayakumbuka hayahitaji kuchimbwa, bali kuulizwa. Jembe la mwanaakiolojia, kwa mtazamo huo, liende kule ambako kumbukumbu imenyamaza. Mkoa wa Kagera ndio mahali pazuri pa kuipima hoja hiyo, kwa sababu ndiko Peter Schmidt alikofanya utafiti uliozaa kitabu chake cha 1978 kuhusu akiolojia ya kihistoria. Alipofika Katuruka mwishoni mwa miaka ya 1960, Schmidt alianza kwa kuwasikiliza wazee. Masimulizi yao yalimhusisha mfalme Rugomora Mahe na mnara wa chuma uliokusudiwa kufika mbinguni, na yalielekeza kwenye mti wa Kaiija, jina ambalo maana yake ni mahali pa kufulia chuma. Uchimbaji uliofuata ulifukua mabaki ya kazi ya chuma ambayo tarehe zake zilirudi nyuma hadi milenia ya kwanza KK. Tarehe hizo zilizua mjadala, lakini jambo moja halikubishaniwa sana: bila wazee, shimo lisingechimbwa pale.

Hapo ndipo penye udhaifu wa mapokezi ya kazi hiyo, na kwa kiasi fulani wa kazi yenyewe. Kilichosifiwa duniani ni ukale wa chuma. Wazee waligeuzwa ngazi ya kupandia kuufikia ukale huo, na ngazi haichunguzwi. Mfano ulio wazi zaidi ni majaribio ya 1976, ambapo wahunzi wazee wa Kihaya walijenga upya tanuri na kuyeyusha chuma. Makala iliyotokana nayo, ambayo Schmidt aliiandika pamoja na Donald Avery na kuchapishwa katika jarida la Science mwaka 1978, ilijadili hasa kile ambacho tanuri hilo linaweza kutueleza kuhusu watu wa milenia mbili zilizopita. Lakini wahunzi hao walikuwa hawajayeyusha chuma kwa miongo kadhaa. Walilazimika kujaribu, kukosea na kukumbushana. Kwa hiyo majaribio yale yanahusu kwanza ujana wa wazee wenyewe: ufundi ulioachwa katika enzi ya ukoloni na majembe ya madukani. Kama ufundi uliofanywa na watu waliokuwa hai ulihitaji kufufuliwa kwa vitendo, basi madai kwamba ya karibuni yanajulikana tayari hayana nguvu.

Kumbukumbu yenyewe haikudumu kama ilivyodhaniwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na ugonjwa huo ukawachukua watu wa umri ambao ungepokea masimulizi kutoka kwa wazee na kuyakabidhi kwa vijana. Schmidt mwenyewe, katika maandishi yake ya baadaye, ameutambua msiba huo, na wanakijiji wa Katuruka wameshiriki kuirejesha historia ya mahali pao. Hilo linaistahilia sifa kazi yake.

Hata pale ambapo mashahidi wapo, ushahidi wa vitu si marudio ya maneno yao. Huko Tucson, Arizona, mradi wa William Rathje ulioanza mwaka 1973 ulipekua taka za kaya na kuzilinganisha na majibu ya wenye kaya. Chupa na makopo ya bia yalizidi yale yaliyokiriwa. Hakuna haja ya kuwaita watu hao waongo. Mazungumzo huhifadhi kile mtu anachokithamini au kukionea aibu, ilhali jalala hupokea kila kitu.

Kwa kipimo hicho, Miembeni ina maswali yake. Jina lenyewe ni la Kiswahili, limekaa katikati ya majina kama Hamugembe, Rwamishenye na Nshambya. Mwembe ni mti wa kupandwa. Nani aliupanda, na alikuwa akila nini, akinunua wapi, akijenga kwa vifaa gani? Nyaraka za utawala zinawataja maofisa na kodi. Mashimo ya vyoo vya zamani na majalala ya nyuma ya nyumba yangewataja wapishi, vibarua na wake zao. Nafasi hiyo inapungua. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu na kubomoa nyumba nyingi Bukoba, na kifusi cha nyumba isiyolindwa na sheria hakimlazimu mtu yeyote kumwita mwanaakiolojia. Aliyelala nje alihitaji kujenga, na haki ilikuwa upande wake. Ila sheria ndiyo iliyoamua mapema kwamba hapakuwa na la kuuliza.

Muleba inaonyesha kuwa taifa lenyewe haliheshimu mpaka wa 1863 linapotaka kukumbuka. Makaburi ya Kaboya, walikozikwa wanajeshi waliokufa katika vita vya 1978 na 1979 dhidi ya majeshi ya Idi Amin, hutunzwa na kuzuriwa kwa heshima za kiserikali. Ukaribu wa tukio haukuwa kizuizi. Basi tofauti kati ya Kaboya na jalala la Miembeni haitokani na umri, inatokana na nani anakumbukwa.

Pingamizi la gharama lina ukweli, kwa kuwa hata maeneo ya kale sana hayatunzwi ipasavyo. Lililo zito zaidi ni la wenye mali. Wahaya huzika wafu wao katika kibanja, kando ya migomba, na kaburi hilo ni la marehemu na pia ni ushahidi wa ukoo juu ya ardhi. Mfumo wa nyarubanja ulifutwa kisheria katika miaka ya 1960, lakini mashauri ya mipaka ya viwanja vya koo hayakufutwa pamoja nao. Mtafiti anayepima msingi wa nyumba ya miaka ya 1930 anaweza, bila kukusudia, kumpa mdai mmoja silaha dhidi ya nduguye. Chuma cha Katuruka hakikumtishia mtu urithi wake kwa namna hiyo. Leseni ya Idara ya Mambo ya Kale haiwezi kulijibu jambo hili peke yake. Ridhaa ya ukoo hutakiwa kabla ya jembe la kwanza, na iwe ridhaa ambayo ukoo unaweza kuiondoa hata shimo likiwa bado wazi.