Kwenye Mnara wa Taa Tupeleke Nini?

Nimeisoma To the Lighthouse ya Virginia Woolf mara tatu. Mara ya kwanza chuoni, kwenye fotokopi iliyofifia, kwa ajili ya mtihani. Mara ya pili nyumbani Nachingwea, mwaka aliofariki baba. Mara ya tatu ndani ya boti ya kwenda Pemba, nikiwa na kilo mbili za korosho kwenye begi. Hiyo ya tatu ndiyo imenifanya niandike, maana ndipo nilipogundua kwamba miaka yote nilikuwa naisoma riwaya hii nikiwa upande mmoja tu wa maji.

Kwa ambaye hajaisoma: ilitoka mwaka 1927, nayo inahusu familia ya Ramsay, walio likizo kwenye kisiwa cha Skye, Uskoti. James, mtoto wa miaka sita, anataka kupelekwa kwenye mnara wa taa unaoonekana ng'ambo. Mama anasema kesho wataenda, hali ya hewa ikiwa nzuri. Baba anasema haitakuwa nzuri. Basi. Sehemu yote ya kwanza inazunguka alasiri na jioni ya siku hiyo moja. Sehemu ya pili inapitisha miaka kumi kwa kurasa chache: mama anafariki, binti mmoja anafariki kwa uzazi, kijana mmoja anauawa vitani, nyumba inaoza. Ya tatu, baba anawachukua James na dada yake Cam, safari inafanyika.

Nimewahi kusikia watu wakilalamika kwamba kitabu hiki hakina kisa. Mimi mtoto wa Nachingwea sikuona hivyo hata kidogo. "Korosho zikilipa, tutaenda Lindi ukaione bahari," baba alikuwa akiniambia kila msimu. Mkoa wetu una pwani, lakini ukikulia Nachingwea bahari ni habari ya kusimuliwa. Korosho zililipa, tena zaidi ya mara moja. Mwaka huu ada, mwaka ule bati, mwaka mwingine msiba. Woolf anaandika kwamba kama James angekuwa na shoka karibu, angempiga nalo baba yake. Chuoni tuliambiwa hiyo ni saikolojia. Mimi niliitambua hasira ile bila kufundishwa.

Sehemu ya pili nayo niliijua. Waingereza walipoanzisha mradi wao wa karanga mwaka 1947, ilijengwa reli ya kuunganisha Nachingwea na pwani. Mradi ukafa mwaka 1951, na miaka ya 1960 reli ikafungwa, ikang'olewa. Kwa hiyo Woolf anapoeleza nyumba inavyoliwa na unyevu huku wenyewe hawapo, sihitaji mtu anifafanulie. Baba alikuwa akinionyesha kwa kidole: hapa treni ilipita kwenda baharini.

Kwa hiyo miaka yote niliisifia kama riwaya ya ahadi na kusubiri. Bado naamini hivyo. Ila kuna mtu nilikuwa nampita, na aliyenishtua ni mama.

Siku hizi mama anaishi Ruangwa, kwa ndugu zake. Nilipita kumuaga, nikamwambia nakwenda Pemba kuandika makala kuhusu ufukwe ulio jirani na mnara wa taa. Akaingia ndani, akatoka na korosho. Nikamuuliza nimpelekee nani, mbona simjui mtu kule. "Hiyo taa si ina mtu anayeitazama? Unakwendaje kwa watu mikono mitupu?"

Sasa fungua riwaya. Mwanzoni kabisa Bi Ramsay anafuma soksi. Ni ya mtoto wa mtunza taa, mgonjwa wa kifua kikuu cha nyonga. Anaipima mguuni kwa James, bado fupi. Anawauliza binti zake wangejisikiaje kufungiwa mwezi mzima juu ya mwamba. Kisha anafariki, na mtoto yule hatajwi tena kama mtu wa kupelekewa kitu. Miaka kumi baadaye, asubuhi ya safari, binti yake Nancy anauliza: kwenye mnara wa taa mtu hupeleka nini? Mle ndani hakuna anayejua. Kwangu hilo ndilo pengo kubwa analoacha mama yule, kubwa kuliko huzuni ya mumewe ambayo wahakiki tunaizungumza sana.

Boti ilipopita maji ya Nungwi nilikuwa kwenye kurasa hizo. Ni maji yale ambamo MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, na mamia ya watu waliokuwa wakirudi kwao Pemba. Nungwi kuna mnara wa taa, na ufukwe ambao watalii wanaupenda mno. Mama aliyeketi jirani nami alikatisha maongezi akanyamaza. Nikafunga kitabu.

Mnara wa Ras Kigomasha ni wa chuma, umesimama tangu mwaka 1900 kwenye ncha ya kaskazini ya Pemba, ng'ambo ya msitu wa Ngezi. Ufukwe nilioufuata uko upande wa mashariki: mchanga mweupe, ngalawa mbili, watu hakuna. Sisi tunaoandika habari za safari tunauita ufukwe tulivu, na mimi nilishauandika hivyo kwenye daftari. Kisha nikakumbuka jina lake: Vumawimbi. Upande wa pili wa rasi kuna Panga ya Watoro. Wenyeji wametaja wimbi linalovuma, wakataja watu waliokimbia. Utulivu nimeuleta mimi, kwa vile nimefika mchana, bahari ikiwa shwari, na nitaondoka kesho.

Kwenye mnara nilimkuta mzee. Nikamwamkia, nikampa korosho na salamu za Ruangwa. Nikamwambia mandhari ni mazuri ajabu. Akacheka. "Mwanangu, nyinyi mnaiona taa mnaifuata. Wenye vyombo wanaiona ili wasije."

Nilirudi kwenye riwaya na sentensi hiyo kichwani. Mashua inapoukaribia mnara, James anauona umesimama wima, una mistari myeusi na myeupe, na juu ya mawe kumeanikwa nguo. Woolf ameziona nguo, mtu wa mnara anamwonyesha mara moja tu, anatoka, anawatazama, anarudi ndani. Baba anaruka mwambani, na riwaya inarudi nchi kavu kwa Lily Briscoe amalizie picha yake. Sisemi ni kosa, maana asingemweka Nancy aulize kama hajui anachokiacha. Nasema ni riwaya ya watu wa ufukweni, wanaoitazama bahari wakiwa likizo. Ukitaka upande mwingine, soma Kuli ya Shafi Adam Shafi, ambamo bahari ni mzigo mgongoni, au By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, ambamo mzee Saleh Omar anafika Uingereza kuomba hifadhi na kijisanduku cha udi. Zisome pamoja na ya Woolf, zitasemezana.

Jioni nikampigia mama kumwambia korosho zimefika. Akafurahi. "Ana watoto?" akauliza.

Nilikuwa nimepanda mpaka juu, nimepiga picha, nimeandika kurasa nne za daftari. Hilo sikuliuliza.