Diablo Rojo: Jina na Hukumu Yake

Katika Kihispania cha Panama, basi la abiria lililopambwa kwa michoro huitwa diablo rojo. Mwenye kufasiri neno kwa neno atasema "shetani mwekundu", wala hatakuwa amekosea. Lakini maana hatakuwa ameifikia. Kasoro ya fasiri hiyo ni kwamba yatoa lawama tupu, hali jina lenyewe lachukua lawama na sifa pamoja.

Lawama yake ni dhahiri. Mabasi hayo yalikuwa ya shule huko Marekani, yenye rangi ya manjano. Yalipokwisha kutumika yaliuzwa Panama, yakawa mali ya watu binafsi. Kwa kuwa pato la dereva lilitegemea wingi wa abiria, madereva walikimbizana njiani kugombea watu. Mashindano hayo yaliitwa regata, neno ambalo asili yake ni mashindano ya mashua.

Sifa yake haina budi kutafutwa katika desturi. Katika ngoma za sikukuu ya Corpus Christi mjini La Villa de Los Santos, shetani ni mchezaji mwenye kinyago na mavazi ya milia myekundu na myeusi. Watu humwogopa, nao humngoja kwa hamu. Basi lililochorwa nyuso za waimbaji, watakatifu na jamaa za mwenyewe, likipita kwa muziki na ngurumo, lafanana naye: latisha, nalo lapendeza.

Yafaa kulinganisha na majina ya kwetu. Matatu ya Kenya yalipata jina kutokana na nauli ya mapeni matatu. Daladala ya Tanzania, kutokana na dala, yaani shilingi tano. Majina hayo yataja bei. Jina la Panama lataja tabia, kwa hiyo ni hukumu, na hukumu haifasiriki kwa kutaja rangi.

Metrobús ilianza kazi mwaka 2010, na mwaka 2013 mabasi ya zamani yakaondolewa katika njia za jiji la Panama. Hapo ndipo wajibu wa mtunga kamusi unapozidi. Akiandika "basi bovu la hatari" na kunyamaza, atakuwa ameandika maneno ya waliotaka liondolewe, na kuyaacha ya waliolipaka rangi na waliolipanda kila siku.