Pambano la Ali Lisilo na Ulingo

Mtunzi akipewa kisa cha Muhammad Ali, kalamu yake hukimbilia ngumi. Stephen Frears na mwandishi wake, Shawn Slovo, hawakukimbilia huko. Filamu yao ya mwaka 2013, Muhammad Ali's Greatest Fight, inakaa na wazee wenye majoho mbele ya rundo la karatasi, na mvutano wote unatoka humo.

Aprili 28, 1967, mjini Houston, Ali aliitwa apige hatua moja mbele, aingie jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Hakupiga, akisema dini yake inamkataza. Akavuliwa ubingwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000. Rufaa ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1971. Jaji Thurgood Marshall alijitoa, maana kesi ilipoanza yeye ndiye aliyekuwa Wakili Mkuu wa Serikali. Majaji wanane waliobaki wakapiga kura: watano kwa watatu, Ali aende jela. Jaji John Harlan akakabidhiwa kuandika hukumu.

Hapa ndipo ufundi unapopimwa. Harlan alikuwa mgonjwa, haoni vizuri, husoma karatasi ikikaribia kugusa macho. Msaidizi wake akamsihi asome maandiko ya Waislamu Weusi, kundi la Ali, na maisha ya Malcolm X. Akasoma, akageuza kura. Ikawa nne kwa nne. Kumwonyesha mtu anayebadilishwa na kitabu ni kazi ngumu kuliko kupiga picha za raundi kumi na tano, na Christopher Plummer, anayemwigiza Harlan, anaibeba bila kupaza sauti.

Uamuzi ninaouenzi zaidi ni wa kutomwigiza Ali kabisa. Tunamwona katika picha halisi za wakati ule tu, akisema kwa kinywa chake mwenyewe. Majaji ndio wanaoigizwa. Msaidizi wa kubuni, Kevin Connolly, amepewa nafasi kubwa mno kwa maoni yangu, lakini hilo haliiangushi kazi.

Kura zikifungana, hukumu ya mahakama ya chini ingesimama bila maelezo. Jaji Potter Stewart akaona upenyo: bodi ya rufaa ya uandikishaji haikuwahi kutaja sababu ya kumkatalia Ali ombi la kusamehewa jeshi kwa ajili ya dini. Juni 28, 1971, wote wanane wakafuta hukumu, na uamuzi wa mahakama ukasimama juu ya hoja hiyo ndogo ya kisheria, wala si kwa kuvilaani vita vya Vietnam. Mtunzi wa tamthilia za mahakama asiipambe hoja kama hiyo. Aiache ilivyo, kwa sababu ndiyo iliyomwokoa Ali na jela.