Mtoto Asiyetulia Darasani

Kitabu cha waganga wa akili wa Marekani, DSM-5 cha mwaka 2013, chaorodhesha alama za mtoto asiyeweza kukaza akili: hatulii, hasikilizi, hamalizi kazi. Ugonjwa huo upo kweli, na dawa yake, metilfenidati, huwafaa watoto wengine. Hatukatai. Tunalokemea ni haraka ya kuwapachika watoto jina hilo.

Kitabu chenyewe chataka alama zidumu miezi 6, zianze kabla ya miaka 12, tena zionekane mahali pawili au zaidi. Basi neno la mwalimu peke yake halitoshi.

Na huku kwetu? Tangu Oktoba 2014 wauaji wamekuwa wakiingia vijiji vya Beni. Toka Agosti 2018 hata Juni 2020 Ebola iliua watu Beni na Butembo. Mtoto aliyekimbia usiku pamoja na mama yake husikiliza mlango kuliko mwalimu. Mwingine ana njaa. Mwingine masikio yake hayasikii vema.

Ewe katekista, nawe mwalimu, kabla ya kusema «huyu ni mgonjwa», uliza kwanza: analala wapi? Amekula? Nani alikufa kwao? Kidonge hakijibu maulizo hayo.