Kumtafuta Mzee Ndani ya Kijana

Mwezi Novemba 1966 watazamaji wa televisheni nchini Marekani walionyeshwa nahodha aliyekwisha kuharibika. Anaitwa Christopher Pike. Uso wake umeungua, mwili mzima umefungiwa ndani ya kiti cha magurudumu, hasemi wala hainui kidole. Kinachomjibia ni taa iliyowekwa kwenye kiti: ikiwaka mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Tamthilia yenyewe ni Star Trek, bunilizi ya kisayansi kuhusu watu wanaosafiri kati ya nyota. Zaidi ya miaka hamsini baadaye watengenezaji wake wakarudi nyuma kusimulia maisha ya Pike kabla ya ajali iliyomweka kwenye kiti hicho. Tamthilia hiyo ya kabla, Strange New Worlds, ilianza kuonyeshwa tarehe 5 Mei 2022, na Pike wake ni Anson Mount: mwanamume mtanashati, mcheshi, anayewapikia maofisa wake na kuwakaribisha mezani kwake. Mtazamaji anamwona akikaanga na kucheka, na kile kiti anakijua. Pike naye anakijua. Katika Star Trek: Discovery, mwaka 2019, alionyeshwa mwisho wake akiwa bado na nafasi ya kugeuka na kuondoka. Hakuondoka, kwa kuwa wengine wangeangamia.

Msimulizi wa hadithi ya namna hii amenyang'anywa silaha yake kubwa. Nani atakufa, nani atapona, chombo kitafika au kitapotea, yote yamekwisha kusemwa kabla hajafungua mdomo. Kilichobaki mkononi mwake ni mtu: anavyocheka, anavyosita, anavyomwangalia mwenzake. Ndiyo maana naamini kwamba katika tamthilia ya kabla, mwenye kuchagua waigizaji amebeba mzigo mzito kuliko mwandishi, na ufundi wake unastahili kusifiwa kwa sauti, maana jina lake hupita kwenye skrini watu wakiwa wanatafuta rimoti.

Mtazame Pike tena. Mwigizaji wa kwanza kumcheza alikuwa Jeffrey Hunter, katika kipindi cha majaribio kilichopigwa picha mwaka 1964 na kukataliwa na kituo cha televisheni. Hunter hakurudi. Ilipofika 1966, na hadithi ikamhitaji Pike mlemavu, ndani ya kile kiti akawekwa Sean Kenney, kovu likiwa limemfunika uso. Anson Mount alipokuja alikuta kwenye televisheni watu wawili wamekwisha kuishi ndani ya jina moja, mmoja mzima na mmoja aliyevunjika, naye anatakiwa asimame katikati yao. Kufanana sura kusingetosha. Alitakiwa mtu ambaye ukimwona akifurahi, unaamini kwamba furaha hiyo ni ya mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake.

Mafundi wa majahazi wa Jibondo, hapa visiwani Mafia, hawapindi mbao za mataruma kwa nguvu. Huingia porini wakatafuta mti uliojipinda wenyewe tangu ulipokuwa mche, wakaupima kwa macho, wakaukata. Mchaguzi mzuri wa waigizaji anatembea na jicho la namna hiyo.

Nayasema haya kwa kuwa kikundi chetu cha vijana cha Kilindoni kimejiingiza katika kazi inayofanana na hiyo, ya mchezo wa jukwaani kuhusu mji wa Kua. Magofu ya Kua yako kisiwa cha Juani. Ni mji wa mawe uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, na leo misikiti na jumba lake vimeshikwa na mizizi. Watu wa Mafia hawana haja ya kuambiwa Kua iliishaje. Wamekwisha kuyaona magofu, au wamesimuliwa na waliokwenda. Kwa hiyo mchezo wowote wa jukwaani kuhusu Kua ikiwa hai ni hadithi ya kabla.

Na kuna simulizi ya Kua ambayo mimi naiona inalingana na ile ya Pike. Watu wa Kisimani, mji uliokuwa ncha ya magharibi ya kisiwa kikubwa na ambao sehemu yake kubwa imeliwa na bahari, walijenga chombo, wakawaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kukishusha majini. Katikati ya sherehe wakawakamata watoto wa Kua, wakawalaza mchangani, chombo kikapitishwa juu yao. Watu wa Kua wakarudi kwao kimya. Miaka ikapita. Kisha nao wakawaalika watu wa Kisimani arusini, wakawakaribisha katika chumba cha chini ya nyumba, na wakati wageni wanakula na kuburudika, wenyeji wakatoka mmojammoja. Mwishoni alibaki mzee mmoja tu wa kuwaongelesha wageni, asitambue mtu kwamba mlango unajengwa kwa mawe upande wa pili. Ukajengwa mpaka ukaisha, na mzee akiwa ndani.

Simulizi haisemi mzee huyu alikuwa nani. Sisi tumembunia ujana. Katika mchezo wetu yeye ni kijana aliyekwenda Kisimani siku ya kushusha chombo akiwa ameshika mkono wa mdogo wake, akarudi peke yake. Hadithi inaishia muda mrefu kabla ya ile arusi. Chumba hakionekani jukwaani, wala mlango. Lakini kila atakayekuja kutazama atakuwa na ule mlango kichwani, na kijana tutakayemweka pale lazima awe mtu anayeweza kuzeeka akawa yule mzee.

Unampataje? Vijana wengi wa kikundi ni hodari wa kulia. Ukimwambia mmoja wao kwamba mdogo wake amekufa, machozi yanamtoka papo hapo, na watu wanapiga makofi. Machozi hayo hayakunisaidia, maana yule mzee hakulia. Alizungumza. Basi kwenye usaili tuliwaachia kazi moja tu: wamiminie wageni kahawa na uwaongeleshe, huku mwenzako nyuma ya mlango anagonga jiwe kwa jiwe, na wageni wasigundue kitu. Nilikaa mimi na bibi mmoja mtu mzima kutoka Chole, ambaye amekulia katika simulizi hizi, tukawa ndio wageni.

Wa kwanza kila jiwe likigongwa aligeuza kichwa. Wa pili alipandisha sauti ili azibe mlio, ikawa ndio anatuonyesha. Mwingine alitusimulia kisa cha kuchekesha, na kweli tukacheka, lakini mikono yake ilikuwa inakimbia, kahawa ikamwagika kwenye sahani. Kisha akaingia kijana mrefu, mkimya, ambaye ni fundi baiskeli na alikuwa amemsindikiza rafiki yake tu. Akamwamkia bibi shikamoo, akamuuliza habari za safari, akauliza kama bahari imewasumbua. Jiwe likagongwa. Akasogeza kikombe karibu na mkono wa bibi, kidogo tu, akauliza huko watokako kaskazi imekwisha kuingia. Jiwe tena. Akauliza jina la mjukuu mkubwa. Kila mlio wa jiwe ulimtoa swali jipya, na kila swali lilikuwa la upole zaidi ya lililotangulia, mpaka nikahisi kwamba anatuaga. Hakuonyesha huzuni yoyote. Aliendelea kuwa mwenyeji.

Bibi alikunywa kahawa yake yote kwanza. "Mwanangu, huyu," akaniambia. "Ana subira ya mwenye nyumba."

Waandishi wa Strange New Worlds walikuwa na mtu mwingine wa kumtafutia ujana, naye anatuhusu zaidi sisi wa mwambao: Uhura, ofisa wa mawasiliano. Mwaka 1966 alichezwa na Nichelle Nichols, ambaye alifika kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, na jina la mhusika likatoka humo. Miaka ile Uhura hakupewa mengi ya kusema. Alikaa kwenye kiti chake, kifaa kidogo sikioni, akasikiliza sauti kutoka mbali na kuzipeleka kwa nahodha. Hatukuambiwa wazazi wake ni nani. Hata jina lake la kwanza, Nyota, halikutamkwa kwenye skrini mpaka filamu ya 2009, alipochezwa na Zoe Saldaña. Lakini Nichols alijua kusikiliza mbele ya kamera. Alikuwa mwimbaji kabla ya kuwa mwigizaji, amezunguka na bendi ya Duke Ellington, na mwimbaji wa bendi hujifunza mapema kungoja zamu yake huku sikio likifanya kazi. Alipotaka kuiacha tamthilia, Martin Luther King ndiye aliyemwomba abaki, kwa sababu ya maana ya mwanamke mweusi kuonekana kila wiki akiwa ofisa katika dunia ya kesho.

Kwa Uhura kijana walimchukua Celia Rose Gooding, mtoto wa mwimbaji na mwigizaji LaChanze, aliyetokea kwenye michezo ya muziki ya Broadway. Weka picha yake kando ya ile ya Nichols na hutasema ni ndugu. Sasa funga macho, usikilize. Sauti ina pumzi ya mwimbaji, haikimbilii mwisho wa sentensi. Kipindi cha pili kinampeleka, akiwa bado mwanafunzi asiye na hakika kama kazi hii ni yake, ndani ya kimondo kinachotishia sayari yenye watu, naye anagundua kwamba kimondo kinajibu muziki. Anaimba kwa woga, kwanza kwa sauti ya chini. Kazi yote ya Uhura mtu mzima, ya kusikia kisichosikika na kukijibu, iko katika dakika zile, na isingekuwapo kama nafasi hiyo angepewa mtu kwa ajili ya mashavu yake.

Uhodari huohuo naukuta kwa Hemmer, mkuu wa mitambo, mhusika kipofu anayekuja kuwa mwalimu wa Uhura. Walimpa Bruce Horak, mwigizaji ambaye mwenyewe haoni ila kwa kiasi kidogo sana. Hemmer haigizi kupapasa. Anatembea chumbani kwake kama mwenye chumba, na anapokosa adabu anakosa kwa sababu ya majivuno yake, upofu hauhusiki. Nilimtazama kwenye skrini ndogo ya simu, na hata hapo mabega yake yalitosha kunieleza ni mtu wa namna gani.

Hata hivyo kuna jambo linaniuma, na mtu anayeusifu ufundi huu kwa dhati hawezi kulinyamazia. Strange New Worlds inasema wazi kwamba Uhura ni wa Kenya, mtoto wa wazazi waliofundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Kiswahili kimo ndani ya Star Trek tangu kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966: kiumbe kinachojigeuza sura kinamjia Uhura katika umbo la mwanamume na kumsemesha kwa Kiswahili, kwa matamshi ya mtu aliyekariri asubuhi ile. Mwaka uliofuata, katika kipindi kingine, Uhura anafutwa kumbukumbu na kuanza kufundishwa kusoma upya, na neno linapomshinda, hasira yake inatoka kwa Kiswahili. Mwandishi aliyebuni hilo alijua binadamu. Lakini waigizaji wote watatu wa Uhura niliowataja ni Wamarekani, na kwa hasira ya namna ile unahitaji koo lililolelewa na lugha hiyo, lililoitwa nayo mezani na kukaripiwa nayo uani. Waigizaji tunao. Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi, aliingia katika For All Mankind mwaka 2022, tamthilia ya mbio za angani. Lupita Nyong'o alicheza katika Star Wars mwaka 2015, ingawa uso wake ulifunikwa na kiumbe wa kompyuta. Na watengenezaji tunao: Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi mwaka 2009, filamu fupi kuhusu Afrika Mashariki iliyokauka maji. Siku atakapotafutwa Uhura mwingine, usaili ufanywe Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam pia, na wanaosikiliza wawe watu wanaojua tofauti ya Kiswahili cha kukariri na cha kuzaliwa nacho.

Mwezi Februari 2024 wanaotoa tuzo za Oscar walitangaza kwamba wataanza kuwatuza wachaguzi wa waigizaji, kwa filamu za kuanzia 2025. Tuzo za televisheni za Emmy zilikwisha kuwatambua zamani. Nilifurahi kwa ajili ya watu nisiowajua, kama vile Joseph D'Agosta, aliyekuwa mchaguzi wa Star Trek ya mwanzo, na April Webster aliyefanya kazi hiyo katika filamu ya 2009. Hukaa katika chumba kisicho na pambo lolote, mtu anaingia, anasema maneno yaleyale ya mwenzake aliyetoka, anashukuru, anaondoka. Baada ya mia ya namna hiyo sikio la kawaida limekufa ganzi. La kwao linatakiwa liwe zima atakapoingia wa mia na moja.

Kwetu imebaki nafasi ya mwashi. Tumemwandikia onyesho moja akiwa kijana, anajifunza kazi kwa baba yake, anapanga mawe ya matumbawe na kuyashika kwa chokaa huku rafiki yake, yule atakayekuwa mzee, anamletea maji. Wanataniana tu, hawajui siku moja watakuwa pande mbili za ukuta. Wawili wamejaribu na wanasema vizuri, lakini wanashika mwiko kama kijiko, na hadhira ya Mafia imejaa mafundi. Kuna mwashi mmoja kijana anayejenga karibu na bandari, ana namna ya kuligeuza jiwe mkononi mpaka limpe upande wake, hasemi neno. Nimemwomba aje Jumamosi baada ya kazi. Amesema hawezi kuigiza. Nimemwambia aje na mwiko wake.